Meza ya Watu Wawili na Mama Mkwe

Nikipita sokoni Katoro siku hizi kuna watu wananiita "bwana harusi", na mimi nacheka nao tu, kwa sababu nimeshajua ukinuna ndiyo wanazidi, lakini ukweli ni kwamba aibu niliyoipata kule Uturuki haijanitoka mwilini mpaka leo, na nimeamua kuisimulia mwenyewe maana nimechoka kuisikia kwa watu ambao hata hawakuwepo, tena wengine wameshaongeza na shela, shela ambayo mimi sikuiona.

Mimi ni fundi simu. Mama mkwe wangu, Mama Milembe, ana duka la nguo za Uturuki hapa hapa Katoro, na nguo hizo huwa anazifuata mwenyewe Istanbul akiongozana na binti yake Milembe, ambaye ndiye mke wangu. Safari hiyo Milembe alikuwa na ujauzito mkubwa, haruhusiwi kupanda ndege, kwa hiyo ikaamuliwa niende mimi, nikabebe mizigo na kusoma vibao, kwa kuwa Kiingereza changu cha kidato cha nne bado kinapumua.

Sasa kwa asiyezijua mila zetu Wasukuma, mkwilima, yaani mume wa binti, hazoeani na mama mkwe wake. Humpi mkono, hukai naye kiti kimoja, huli mbele yake, na ukikutana naye njiani unampisha, unachuchumaa, unamsalimia huku unaangalia chini. Si chuki hiyo, ni heshima. Miaka yote ya ndoa yangu sijawahi kumwona mama mkwe akitafuna, na yeye hajawahi kuniona mimi nikitafuna (ingawa tumbo langu linatoa ushahidi kwamba kuna mahali huwa natafuna).

Na kwangu heshima hii ni zaidi ya mila. Nilipokwenda kuposa, wajomba zake Milembe kule Kishapu walinikataa, wakasema fundi simu hana ng'ombe wala mbele wala nyuma, na aliyenitetea ni mama mkwe peke yake. Aliwaambia, "Kijana ana adabu, na adabu haiuzwi dukani." Basi tangu siku hiyo adabu ndiyo mtaji wangu kwenye ule ukoo, nikiipoteza sina kingine.

Kabla hatujaondoka alinitumia ujumbe kupitia kwa Milembe (mambo yetu yote mazito yalipitia kwa Milembe). Marehemu mama yake alikuwa mpika pombe ya mtama, na miaka ambayo pamba ilikataa, mitungi ya yule bibi ndiyo iliyowalisha na kuwavisha. Sasa safari iliyopita mwenye duka mmoja wa Istanbul alikuwa amemwonyesha picha za kijiji cha kwao, huko vilimani, ambako akina mama wanatengeneza divai ya zabibu kwenye mitungi mikubwa iliyofukiwa ardhini, na ile picha haikumtoka kichwani. "Mwambie Baba Kulwa anipangie siku moja nikaione hiyo mitungi," alisema, na Baba Kulwa ndiye mimi. Alikuwa hajawahi kuniomba kitu chochote, hata kumrekebishia simu alikuwa anamtuma mtu.

Nikaipanga hiyo safari kama napanga mahari. Jioni naketi kibandani, naperuzi mtandaoni, nikapata njia mbili za kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ya kwanza ilikuwa basi la watalii, viti viwili viwili, unakaa pale unapoonyeshwa, na mimi nikaona hapana, hapa nitabanwa na mama mkwe bega kwa bega siku nzima. Ya pili ilikuwa safari ya watu wawili, gari lenu wenyewe, meza yenu wenyewe, chakula cha mchana chini ya mizabibu. Nikasema hii ndiyo yenyewe, yeye atakaa nyuma kama waziri, mimi mbele na dereva, na chakula kikija nitatoka nikale pembeni. Pembeni ya jina la hiyo safari palikuwa na alama ya moyo mwekundu, nikadhani ni watu wameipenda, si unajua tunavyopenda picha za wenzetu kwenye simu.

"Mbona ina maua maua?" Milembe aliniuliza.

"Wageni wanapenda maua," nikamjibu kama mtu aliyezaliwa kulekule. Namba ya simu nikaandika ya Milembe, kwa sababu laini yangu isingefanya kazi huko, na hicho nacho kikaja kuniadhibu.

Istanbul mambo yalikwenda vizuri sana, mama mkwe anatangulia, mimi nyuma na mabegi, kila mtu na chumba chake na chakula chake. Ikafika siku ya mwisho, siku ya kijiji. Gari likaja limeoshwa linang'aa, na binti mmoja mchangamfu, mwongozaji wetu, akashuka kutufungulia mlango wa nyuma, na pale kwenye kiti cha nyuma wamemwaga maua ya waridi. Nikamwambia mimi nakaa mbele. Akasema mbele anakaa yeye. Nikamwambia basi yeye akae nyuma. Akacheka, akanisukuma taratibu huku anasema leo ni siku yetu, tusione haya.

Mama mkwe aliyatazama yale maua, akayakusanya kwa kiganja akayaweka kwenye mkoba, halafu mkoba akauweka katikati yetu, na juu ya mkoba akaweka koti. Mimi nikajibana mlangoni mpaka kitasa kikaacha alama ubavuni. Binti akageuka akaniuliza tuko pamoja tangu lini, nami nikaona anataka kujua habari za familia, nikamwambia tangu nilipooa, watoto wawili mapacha na wa tatu njiani. Akamtazama mama mkwe (mwanamke mwenye wajukuu kumi na kitu), akashika kifua chake kwa mshangao.

"Anasemaje?" mama mkwe akauliza, macho yake dirishani.

"Anasema hali ya hewa ni nzuri, mayu," nikamjibu, mayu ndiyo mama kwa Kisukuma.

Hapo nilikuwa nimeshaanza kuelewa, nisidanganye, lakini kwa lugha ipi ungemweleza mama mkwe wako jambo kama lile, tena ndani ya gari? Nikajipa moyo kwamba tukifika kila kitu kitakaa sawa.

Kijiji chenyewe kizuri, nyumba za mawe, mizabibu imetambaa mpaka juu ya paa, akina mama wamejifunga vitambaa kichwani kama mama zetu wakitoka shamba. Tukaingizwa kwenye ua mmoja wenye watalii wengi wanakula, na katikati ya ua, peke yake, palikuwa na meza ndogo yenye benchi moja fupi, sahani moja, na keki. Keki ina umbo la moyo. Mzee mmoja mwenye fidla akaanza kupiga, binti yetu akatangaza kitu kwa sauti, na ua mzima wakaanza kutupigia makofi. Bibi mwenye nyumba, mzee wa watu, uso umejaa tabasamu, akaja na kisu kilichofungwa utepe, akakata kipande, akakichoma na uma, akamshikisha mama mkwe ule uma na kumwonyesha kwa kidole, amlishe huyu. Huyu ndiye mimi.

Tanzania hii nani asiyejua maana ya kulishana keki? Pale hapakuhitaji mkalimani. Mama mkwe aliutazama uma, akaitazama keki, kisha kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake akanitazama usoni, macho kwa macho.

"Baba Kulwa, hii ni nini?"

Nikafanya kitu pekee ambacho mwili wangu unakijua mbele ya mama mkwe, nikashuka chini kumwomba radhi, goti moja ardhini, viganja nimevikutanisha, kichwa kimeinama. Sasa mtu wa kwetu akiona hivyo anajua huyu kakosa anaomba msamaha, lakini wale watalii walichokiona ni mwanaume aliyepiga goti mbele ya mwanamke penye maua na keki, wakasimama wote, wakapiga miluzi, mmoja akalia machozi, na fidla ikaongezwa kasi.

Nikasema hapana, nirudi nyuma. Nikarudi nyuma hivyohivyo nimechuchumaa, maana kumgeuzia mama mkwe mgongo nako ni kosa, na nyuma yangu palikuwa na beseni pana la zabibu nyeusi walizokuwa wamezivuna asubuhi, na mimi nikalikalia lote. Nilisikia zabibu zikipasuka chini yangu na maji yake yakipenya kwenye suruali yangu mpya, rangi ya maziwa, niliyoinunua jana yake. Binti akapiga picha hapohapo, mimi ndani ya beseni na viganja bado nimevikutanisha, mama mkwe na keki mbele yangu.

Mama mkwe alijifunika mdomo na kitenge, mabega yanatikisika. Nikajua analia, nikajua nimekwisha, mtaji wangu wote wa adabu umeishia kwenye beseni la watu. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika meza, na mimi nilikuwa sijawahi kuisikia sauti ya kicheko chake, ni nyembamba kama ya msichana.

"Waambie," akasema alipopata pumzi.

"Niwaambie nini, mayu?"

"Waambie ukweli. Si una Kiingereza wewe?"

Basi nikausema, nikiwa bado ndani ya beseni, kwamba huyu ni mama wa mke wangu, na kwa kabila letu hata kula naye meza moja hairuhusiwi. Binti akageuka mwekundu, akamtafsiria bibi mwenye nyumba, na yule bibi akaachama, akampiga binti kofi la begani, akaja mwenyewe kuninyanyua. Akaondoa lile benchi. Mimi akanipeleka nyuma ya ukuta na sahani yangu, nikala peke yangu natazamana na kuku, suruali imelowa, na nasema kweli chakula kilikuwa kitamu na nilikula kwa raha kwa sababu hakuna aliyekuwa ananiona.

Kutoka pale kwenye ukuta niliwaona wakienda kwenye mitungi, wale mama wawili, wameshikana mikono. Bibi alifunua mfuniko wa mtungi mmoja uliozikwa mpaka shingoni, na mama mkwe akapiga magoti, akainama kunusa, akapitisha kiganja kwenye mdomo wa ule mtungi taratibu, mzunguko mzima. Alikuwa anaongea Kisukuma, mwenzake anajibu Kituruki, na hakuna aliyemwomba mwenzake arudie. Wakamimina divai kwenye kikombe cha udongo, na kabla hajaonja, mama mkwe akadondosha kidogo chini. "Mayu, wabeja," nilimsikia akisema, anamshukuru marehemu mama yake. Yule bibi alitazama, kisha akachukua kikombe chake naye akadondosha. Hapo macho yangu yalipata vumbi, kijiji kile kina vumbi sana.

Tukarudi mjini mama mkwe amelala kwa furaha upande wake, mimi upande wangu nimekalia gazeti. Nikadhani yamekwisha, nimesahau ile namba ya simu. Nilipoingia hotelini simu ikashika intaneti ya pale, na Milembe akapiga.

"Baba Kulwa, nimeletewa picha hapa. Kwa nini uko chini miguuni kwa mama yangu, na hiyo keki ya moyo ni ya nini?"

Nikamweleza, akacheka mpaka nikaogopa atajifungua, lakini wakati sisi tunacheka shangazi yake aliyekuwa naye pale nyumbani alikuwa ameshajitumia ile picha, na kabla ndege yetu haijaruka ilikuwa imefika Kishapu kwa wajomba.

Tulipofika Katoro tuliwakuta wajomba wamekaa sebuleni kwa mama mkwe, hawacheki. Mkubwa wao akaweka simu mezani, ile picha imejaa kioo kizima, akasema ukoo umedhalilishwa na fundi simu, na kwamba wao walisema tangu mwanzo. Mimi nimechuchumaa mlangoni, naangalia chini.

Mama mkwe akatokea chumbani, hajavua hata viatu vya safari. "Hiyo picha mnaitazama vibaya," akasema. "Miaka ile niliwaambia huyu ana adabu, mkaniomba ushahidi. Ushahidi ndio huo. Kati ya kunigusa na kukalia zabibu za watu, alichagua zabibu."

Wajomba wakatazamana. Mkubwa wao akaivuta simu karibu, akaitazama upya kwa muda mrefu, pua ikaanza kumcheza, na mwishowe akasema kwamba hata hivyo mbuzi nitatoa. Nikatoa mbuzi. Wakamla, wakalala, wakaondoka, na mama mkwe alikula nyama yake ndani na mimi nikala yangu nje, kama inavyotakiwa.

Kesho yake Milembe aliniletea kikombe kidogo cha udongo kimefungwa kwenye kitenge. "Mama anasema nikupe," akasema, "na nikwambie kwamba mitungi ameiona." Kipo kibandani, nakiwekea skrubu ndogo za simu, na yeyote anayekigusa tunagombana.

Picha nayo mama mkwe ameisafisha kubwa, ameitundika dukani kwake, na mteja akiuliza anamwambia huyo ni mkwilima wangu anaomba radhi. Ndiyo maana mnasikia hayo majina sokoni. Mwaka huu anataka kwenda tena, bibi wa kule amemtumia salamu, na safari nimeshampangia: basi la watu hamsini, yeye kiti cha mbele kabisa, mimi cha nyuma kabisa, na suruali nyeusi.