Nani Ataghairi Kwanza

Kabla sijamsema dereva yule wa Kitengela, nikiri kwamba nachukia kudanganywa bei kuliko ninavyochukia kuumwa jino. Kabla ya kustaafu nilikuwa mwonjaji na mkaguzi wa kahawa, na kazi hiyo ilinipeleka Kampala, Lusaka, Kigali na Adis Ababa. Kila nilikoshuka niliwakuta watu wale wale mlangoni: mmoja ameshashika begi langu, mwingine ananiita rafiki, wa tatu ananinong'oneza kwamba wenzake ni wezi. Nilisikia kinyaa kabla hata sijafungua mdomo. Lusaka nilikalishwa kwenye kiti kilicholowa, na nilipouliza yale ni maji gani dereva alicheka tu. Adis Ababa nilizungushwa nusu ya mji, nikashushwa kwenye hoteli ambayo asubuhi yake niligundua inatazamana na mahali nilipopandia teksi.

Kwa hiyo zilipoingia programu za kuita gari kwa simu, nilizipokea kwa mikono miwili. Bei unaiona kabla hujapanda, sura ya dereva unaiona, njia unaiona. Nikawa mhubiri wa programu hizo. Harusini, msibani, hata kwenye vikao vya ushirika wa kahawa, niliwaambia watu wasipande teksi ya kijiweni wakiwa ugenini. Nilijitungia na sheria zangu, na niliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: dereva anayejua unakokwenda kabla hujamwambia, mkimbie.

Desemba iliyopita nilitoka kwangu Moshi nikavuka mpaka pale Namanga kwenda kwenye harusi ya mpwa wangu. Mama yake, dada yangu wa pekee, aliolewa na Mmaasai wa Kajiado, akazaa binti mmoja, na akafariki binti akiwa bado shule ya msingi. Wazazi wetu walishatangulia. Wiki tatu kabla ya harusi binti mwenyewe alinipigia simu.

"Mjomba, wazee wa baba watakuwa wengi," alisema. "Upande wa mama ni wewe tu."

Asubuhi ya siku ya harusi, kabla bibi harusi hajatoka kwao kwenda kanisani, wazee wa kila upande humwekea mkono kichwani na kumsemea maneno ya baraka. Mimi nilitakiwa niseme ya mama yake. Shemeji yangu, baba wa binti, alisisitiza nifike saa mbili, maana wazee wakishafunga maneno yao hayafunguliwi tena kwa ajili ya mtu aliyechelewa, na kanisa nalo lina saa zake. Alitaka nilale kwake. Nilikataa, kwa kuwa nyumba ingejaa wageni na mimi siwezi choo cha kupanga foleni. Akasema basi atatuma gari asubuhi. Nikamwambia asijisumbue, mimi na magari ya ugenini tunajuana vizuri. Nilisema kwa maringo, na nakumbuka nilijipenda nilipokuwa nikisema.

Nikalala gesti mjini Kitengela, pembeni ya barabara kuu. Lile bafu sitalisahau. Maji yalikuwa ya chumvi, sabuni haikutoa povu, na nilitoka humo nikinata kuliko nilivyoingia. Ndala za plastiki za wageni zilikuwa zimechimbika alama za vidole vya miguu ya kila aliyenitangulia, nikaoga nimesimama juu ya mfuko wa nailoni. Chai nayo ilikuwa na chumvi. Nilipotoka nje saa moja kasoro robo, nimevaa suti, malori ya mawe yalikuwa yanapita yakinimwagia vumbi, na katikati ya lami punda aliyebeba mitungi ya maji alikuwa amesimama akikojoa kwa utulivu, magari ya pande zote mbili yakimsubiri amalize. Niliutazama mji ule nikausonya.

Teksi tatu zilikuwa zimejipanga mbele ya gesti. Pale huenda kwa zamu, na zamu ilikuwa ya mzee mmoja Mmaasai, wa umri wangu au zaidi, amevaa koti juu na makubazi ya matairi miguuni.

"Sopa, mzee," akanisalimu.

"Ipa," nikamjibu, maana Wamaasai hata kwetu wapo.

"Wewe ni wa ile harusi ya leo? Hiyo boma naijua. Twende nikupeleke mapema, hiyo barabara iko na mashimo mingi."

Sheria yangu ikanisimama mbele ya macho. Hakuna nchi niliyofika ambayo dereva wa teksi hakuwa anaijua harusi yangu, hoteli yangu au msiba wangu. Nikamuuliza bei. Akaitaja mara moja, bila kuzunguka, nami nikachungulia simu: ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya programu. Nikamcheka usoni.

"Mzee mwenzangu, tafuta mgeni mwingine," nikamwambia.

"Sawa tu," akasema. "Ukinihitaji niko hapa."

Hakukaa sana. Akaja mama mmoja na wanawe wawili wa kike waliovaa magauni ya kung'aa, amebeba sufuria kubwa limefungwa kitambaa, wakaingia ndani ya ile teksi bila hata kuuliza bei, wakaondoka. Niliwahurumia.

Mimi nikabonyeza simu. Haikupita dakika, dereva akaikubali safari. Gari lake lilikuwa umbali wa dakika nne. Nikasimama na simu mkononi nikilitazama kwenye ramani, nalo halisogei. Kisha simu ikaita.

"Hello boss. Unaenda wapi?"

"Programu imekuonyesha."

"Inaonyesha kiasi gani?"

Nikamtajia. Akavuta pumzi, mtu aliyezoea kuvuta pumzi ile ile kila asubuhi.

"Boss, hiyo pesa haiwezi. Huko ni rough road, nitaharibu shock. Cancel tuongee, nikupeleke na bei ya kawaida."

"Bei ya kawaida ndiyo hiyo uliyoikubali."

"Sasa cancel, tafuta mwingine."

"Ghairi wewe. Wewe ndiye hutaki."

"Mimi niki-cancel wananifungia, boss. Wewe ndio u-cancel."

Niwaelezee wasiojua mchezo huu. Programu ile humwadhibu anayeghairi. Dereva akighairi mara nyingi hufungiwa, hapati abiria. Abiria akighairi wakati gari limeshapangwa, hutozwa kidogo, na kwa siku ile ilikuwa kama hela ya soda. Na safari ikiwa bado iko wazi, simu haikuruhusu uite gari lingine. Kwa hiyo madereva wa namna hii wamejifunza kukaa kimya mpaka wewe uchoke uibebe adhabu yao. Kilichonichefua ni ule utulivu. Hakunitukana wala hakupandisha sauti. Alikuwa anangoja tu niingie mfukoni.

Nilipoinua macho nikamwona. Gari lile lile, namba zile zile za kwenye simu, lilikuwa ng'ambo ya barabara kwenye kituo cha mafuta, na mwenyewe ameegemea mlango anamenya yai la kuchemsha. Maganda alikuwa anayaangusha kwenye viatu vyake. Nikampigia.

"Unaniona?"

"Nakuona, boss. Si ni wewe wa suti?"

"Basi njoo."

"Cancel kwanza."

Akapachika kachumbari ndani ya yai kwa kidole, akalimeza lote mara moja, akaniangalia akitafuna. Nikaapa, pale kwenye ngazi za gesti, kwamba heri niote mizizi kuliko kumpa mtu yule ushindi wa hela ya soda. Nikakaa chini. Nikakunja nne. Yeye akanunua yai la pili.

Saa mbili kasoro kumi shemeji akapiga.

"Shemeji, uko wapi? Wazee wamekaa."

"Niko njiani," nikasema, nikiwa nimekalia ngazi.

Labda mtu mwingine angeinuka hapo. Zilikuwapo teksi mbili nyingine hatua kumi kutoka nilipokaa. Lakini kichwani mwangu harusi ilikuwa imejificha nyuma ya yai. Nilikuwa napiga hesabu za haki: nani alikubali bei, nani anavunja mkataba, watu wa aina hii wameharibuje kitu kizuri duniani kote. Nilikuwa natunga hata barua ya malalamiko, na ilikuwa barua kali, yenye aya nzuri. Teksi zile mbili nazo zikapata watu, zikaondoka moja baada ya nyingine, nami niliziona zikiondoka.

Saa mbili na robo shemeji akapiga tena. Safari hii hakuuliza niko wapi.

"Tunakungoja dakika chache tu," akasema. Nyuma yake nilisikia wanawake wameanza kuimba.

Ndipo nikasimama, na miguu ilikuwa imekufa ganzi. Hapakuwa na gari. Nikaangalia huku na huku mpaka nikaiona teksi ya yule mzee inarudi, tupu, matope mekundu yamefika mlangoni. Nikaikimbilia katikati ya barabara kama kichaa. Mzee akafungua mlango. Bei aliyotaja ilikuwa ile ile ya asubuhi. Yule wa ng'ambo akanipungia mkono, na mpaka hapo hakuna kati yetu aliyekuwa ameghairi.

Ndani ya teksi mlikuwa safi. Viti vilitandikwa kitambaa cheupe kilichofuliwa na kupigwa pasi, nikaona aibu kukikalia na vumbi langu.

"Hao mama wa kwanza walifika mapema," mzee aliniambia tukiwa tunarushwa kwenye mashimo. "Wamekunywa hata chai. Hata wewe ungekunywa."

Hakusema kwa kunisimanga, na hilo liliniuma zaidi. Tulipokaribia akaniambia barabara ya mbele lazima imejaa magari ya bwana harusi, akaingia njia ya ng'ombe, akanishusha nyuma ya boma karibu na zizi. Nikavuka zizi na viatu vyangu vya harusi. Nikakanyaga samadi mbichi mpaka kwenye soksi, nikaendelea kukimbia.

Niliuona mgongo wake. Alikuwa ameshapita mlangoni, anatembea polepole kuelekea langoni, shanga zimemjaa mabegani juu ya gauni jeupe, nyasi za baraka bado zimeshikwa mkononi. Mbele yake bwana harusi na msimamizi wake, kando yake wanawake wanaimba. Nikamwita kwa jina alilopewa na mama yake, jina ambalo pale ni mimi peke yangu ningeliita. Alinisikia. Nilimwona anasimama, hatua moja nzima, na shingo inakaza. Halafu akaendelea kutembea.

Nikataka kuita tena. Mama mmoja akanishika mkono kwa nguvu.

"Wacha, mzee! Usimwite. Akitoka kwa baba yake haangalii nyuma. Akiangalia ni mkosi kwake."

Gari likafunguliwa, akainama akaingia, likaondoka. Pale uani viti vya plastiki vya wazee vilikuwa vimepangwa nusu duara, na kimoja upande wa kushoto hakikuwa kimekaliwa. Juu yake palikuwa na soda ambayo haijafunguliwa. Shemeji alinipa mkono akasema tu kwamba walingoja, kisha wazee wakasema jua linapanda. Maneno ya upande wa mama yalisemwa na jirani yao wa zamani, mama wa lile sufuria kubwa, kwa kuwa ndiye aliyewahi kufika na aliwahi kumfahamu dada yangu. Inasemekana alisema vizuri.

Nimeshasikia kinyaa na watu wengi maishani mwangu, na mara nyingi nilikuwa na sababu. Siku ile, nikiwa nimesimama uani na mavi ya ng'ombe yanakauka kwenye soksi, kinyaa kilinigeukia mimi mwenyewe na hakikuwa na mahali pengine pa kwenda. Dada yangu alinilea mgongoni. Nilimkosesha neno moja kwa mwanawe kwa sababu sikutaka mla mayai anishinde.

Kanisani nilikaa nyuma. Ibada ilipokwisha, watu wakiwa wanapiga picha nje, nilijaribu kupitia pembeni, lakini aliniona. Akaja mwenyewe, ameinua gauni lisiguse vumbi, akainamisha kichwa mbele yangu kama wanavyowasalimia wakubwa kule. Nikakiwekea mkono. Maneno niliyoyatayarisha tangu Moshi hayakunijia hata moja.

"Nilikusikia, Mjomba," akasema. "Sikuweza kugeuka."

"Najua."

"Nimewaambia baba na wazee si makosa yako. Asubuhi Kitengela gari ni shida, mgeni hawezi kupata. Si ni gari zilikosekana?"

Alikuwa ananitazama kwa macho ya mama yake, anangoja nikubali ili na yeye aamini.

"Zilikosekana," nikasema.

"Pole sana, Mjomba," akasema, na akanishika mikono yote miwili. Nikaipokea ile pole.