Yasini Kabla ya Safari

Mke wangu alipougua figo, kwa miezi saba tulikwenda Dar es Salaam kwa basi mara tatu kila wiki ili asafishwe damu kwa mashine. Kwenda alikwenda vizuri. Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi, maana mgonjwa akitoka kwenye mashine miguu haina nguvu, na kondakta hana habari na hilo. Alipotangulia mbele ya haki nilimshukuru Mola kwa yale aliyonijaalia kumfanyia, nikaweka nia kwamba nikipewa njia, mgonjwa mwingine wa kwetu asipate taabu ile.

Njia ilipatikana upesi kuliko nilivyotarajia. Familia moja ya mjini ilitaka kumtolea sadaka baba yao, wakaleta gari la viti saba msikitini kwetu Bagamoyo. Wazee wenzangu wakaniachia mimi kulisimamia, kwa kuwa nilikwisha kupumzika kusomesha madrasa na shughuli zangu zilikuwa chache. Nikanunua daftari, nikaandika siku za safari: Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Jioni ya kuamkia siku hizo nilimpigia simu kila mgonjwa, nikamuuliza hali na kumkumbusha kadi yake ya bima. Niliipenda kazi ile. Watu walinisimamisha njiani kunishukuru, nami sikuwakataza.

Wagonjwa mwanzoni walikuwa wawili. Mmoja alikuwa bibi wa Kaole, mjane, msukaji wa mikeka, mwembamba, mwenye ulimi mkali ambao kwangu mimi aliuficha. Wa pili alikuwa mzee wa Kihindi mwenye duka la nguo sokoni, Baniani, ambaye nilinunua kwake kanzu zangu tangu ujana. Dereva alikuwa mtu mzima mwenye watoto wanne, lakini alisoma kwangu Kurani akiwa mdogo, kwa hiyo alinitania kwa heshima.

Utaratibu niliupanga mwenyewe. Dereva aliamka mapema akamchukua bibi Kaole, akarudi mjini akampitia mwenye duka, kisha akaegesha gari mbele ya msikiti wakati wa adhana ya alfajiri. Hapo tulisali jamaa. Bibi, kwa udhaifu wake, alisali garini akiwa ameketi, basi yeye na Baniani walikaa humo. Baada ya sala tulileta uradi. Baada ya uradi nikaongeza jambo langu: kwa kuwa wasafiri wetu ni wagonjwa, tuwasomee Yasini kila siku ya safari. Kisha maamuma walitoka wote, wakawasalimia wagonjwa mmoja mmoja dirishani, wakaulizia hali za nyumbani, nami nikashika mlango wa gari nikaomba dua ya safari. Dua yangu haikuwa fupi. Gari liliondoka saa kumi na mbili na nusu, na mimi nilirudi nyumbani kunywa chai moyo wangu umetulia.

Hali ilikuwa hiyo karibu mwaka mzima. Katika mwaka huo bibi wa Kaole alivimba miguu. Niliona viatu vyake vikibadilika, kutoka vya ngozi hadi kandambili, kisha kandambili za mwanamume. Nikamwambia asubiri, shifaa ina wakati wake. Akaitikia, "Inshallah, Maalim."

Jumatano moja nilipanda gari pamoja nao, kwa kuwa macho yangu yalihitaji kupimwa na daktari wa macho alikuwa hospitali ileile. Nilimaliza mapema, nikaenda kuwaangalia kwenye chumba cha mashine. Muuguzi, mama wa makamo, alinitazama kofia na kanzu.

"Shikamoo, mzee. Wewe ndiye unayeleta wagonjwa wa Bagamoyo?"

"Marahaba. Ndiye mimi." Nikajiweka sawa, nikisubiri kushukuriwa.

"Basi nisaidie. Hawa nafasi yao ni saa moja na nusu. Wananifikia saa mbili na nusu, siku nyingine saa tatu kasoro. Ikifika saa tano na nusu lazima niwatoe, maana wa zamu ya pili ameshakaa hapo nje anasubiri kitanda."

"Kwani hawamalizi?"

"Wanatakiwa wakae saa nne. Wanakaa tatu, na hiyo ni siku nzuri. Huyu bibi anaondoka hapa bado ana maji mwilini, ndiyo maana miguu haipungui. Akilala anabanwa pumzi. Umesikia, mzee? Analala ameketi."

Nikasema, "Foleni, mwanangu. Kuanzia Tegeta magari hayaendi."

"Foleni ni ya kila mtu. Mnaondoka saa ngapi huko kwenu?"

Muuguzi hakungoja jibu. "Nimemwambia bibi mara nyingi amwambie mwenye gari."

"Nitamwambia," akasema bibi kutoka kitandani, macho yake darini, kana kwamba mimi sikuwapo.

Tulipokuwa tukirudi, wagonjwa wamesinzia nyuma, nilimwambia dereva kwa sauti ya chini kwamba kuanzia Ijumaa tutaondoka saa kumi na nusu, na alfajiri tutaisali njiani, Bunju au popote itakapotukuta.

"Alhamdulillahi," akasema, upesi mno.

"Ulijua?"

"Maalim, mimi nimeshapigwa tochi ya mwendo kasi na trafiki mara tatu pale Kiromo kwa ajili ya Yasini yako. Yasini ni nzuri, lakini haipunguzi kilomita."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie wewe? Ulinichapa kwa kuchelewa uradi nikiwa na miaka minane. Bado naogopa."

Alicheka, nami nikacheka naye, na kicheko kiliniuma kifuani hadi tulipofika.

Sala haikuwa na kosa. Sala ile ya jamaa ni dakika kumi, na safarini tumepewa wepesi ambao mimi mwenyewe niliwasomesha watoto kwa miaka mingi, nikiwaandikia ubaoni. Lililobaki lilikuwa langu. Yasini hakuna aliyeniamuru. Dua ndefu mlangoni, watu wakiitikia amina nyuma yangu, hakuna aliyeniamuru. Nilichukua saa moja katika nne za mtu ambaye hana nyingine, nikaifanya pambo la ibada yangu. Na nilijua, kwa kuwa nimelisomesha pia, kwamba mja akimkosea Mola wake mlango wa toba u wazi, lakini haki ya mja mwenzake haiondoki mpaka mwenyewe aridhie.

Kwa hiyo nilijua la kufanya. Nilitakiwa kwenda Kaole, nikae mkekani kwake, niseme: nimekudhulumu, naomba radhi. Sikwenda. Jioni ya Alhamisi nilimpigia simu kama kawaida, nikamwambia saa imebadilika kwa sababu ya foleni.

"Foleni," akarudia.

"Ndiyo, bibi. Foleni imezidi."

"Allah akulipe, Maalim. Umetufikiria."

Mwenye duka naye alinishukuru. Hata msikitini walinisifu kwa kujinyima jamaa ya nyumbani kwa ajili ya wagonjwa, maana tangu siku ile nilisafiri nao kila safari, nikijidai nasimamia sala ya njiani. Ukweli ni kwamba niliona haya kubaki nikinywa chai. Bibi alianza kukaa saa zake nne. Baada ya wiki tatu nilimwona tena na viatu vya ngozi. Nilipaswa kufurahi, na nilimshukuru Mola kwa ulimi wangu, lakini kila nilipoviona viatu vile nilifikiria miezi ambayo havikumwingia.

Nikajitafutia njia ya kutokea. Kwetu, siku za mwisho za Shaabani, watu hupita kuombana radhi kabla ya Ramadhani. Unamwambia jirani, nisamehe nilipokukosea kwa kujua na kwa kutojua, naye anakujibu vivyo hivyo, mnapeana mikono, yamekwisha. Hakuna anayeulizwa alikosea nini. Nikasema moyoni, nitasubiri siku hizo. Nitamwomba radhi pamoja na watu wote, atasamehe lile bila kulitaja, nami aibu itapita juu yangu haraka kama kwa wengine. Nilihesabu miezi. Nilisubiri hivyo miezi mitano, na ninaliandika jambo hili ili lisomwe, kwa sababu nimeona ni baya kuliko lile la kwanza. La kwanza sikulijua.

Bibi alifariki katikati ya Shaabani, nyumbani kwake, baada ya adhuhuri, siku ambayo si ya safari. Moyo ulichoka, walisema. Nilimuuliza muuguzi baadaye kama ile saa iliyopungua ilimpunguzia siku zake. Alinijibu kwa upole kwamba hilo hawezi kulisema, moyo wa mgonjwa wa figo una mengi. Sikumwomba aniongezee maneno. Ajali, ile siku ya mtu kufa, iko mikononi mwa Mwenye kuiandika, nami ninaliamini hilo. Imani hiyo hainiondolei langu.

Nilimsalia mimi. Kabla ya kuzika, mjomba wa familia alitangaza kama ilivyo ada: anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, aonane na wafiwa. Watu hulisikia tangazo hilo kila mazishi na huku wanatafuta viatu vyao. Mimi lilinikuta nimesimama mbele, na sikuwa na pa kutazama.

Nilianza kwa yule niliyeweza kumfikia kwanza. Nilikwenda dukani kwa Baniani. Alikuwa amekaa nyuma ya marobota ya kanga, mkono wenye mshipa wa mashine umefunikwa kitambaa. Nilimweleza yote, na Yasini, na foleni niliyoizua.

"Kaa kwanza, Maalim," akasema. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya kwanza. Mimi mfanyabiashara, saa naijua."

"Kwa nini hukusema?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu kisichouzwa. "Niseme nini? Baniani ashuke garini, aingie mlangoni kwenu, awaambie fupisheni sala? Miaka yote baba yangu na mimi tumekaa na nyinyi vizuri."

"Na yule bibi alinikataza," akaendelea. "Alisema, tukimlalamikia Maalim atavunjika moyo, akivunjika moyo gari litaondoka, turudi kwenye mabasi. Sisi tumepewa. Aliyepewa anachagua saa?" Kisha akatabasamu. "Lakini alikuwa anakusema, bwana. Nyinyi mkiwa ndani yeye ananiambia, 'Maalim anatuombea tupone. Tutapona, lakini tutakuwa tumeshachelewa.'"

Alisema amenisamehe, na aliposema aliweka mkono wake mzima juu ya wangu. Nilimshukuru. Nilitoka nikiwa mwepesi upande mmoja tu.

Kaole nilikwenda siku ya pili. Binti wa marehemu alinikaribisha barazani. Nilikataa kiti, nikakaa mkekani, nikasema yale niliyotakiwa kumwambia mama yake. Nilisema polepole ili nisiruke kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, hakunikatiza, kisha akaingia ndani.

Alitoka na bunda la ukili, ule msuko mrefu wa ukindu ambao wanawake huushona ukawa mkeka. Lilikuwa kubwa kama gurudumu la baiskeli. Akaliweka kati yetu.

"Huu aliusuka garini," akasema. "Gari likienda alikuwa hawezi, kichwa kinamzunguka. Huu ni wa pale msikitini tu. Akirudi ananionyesha, 'Leo Maalim amenipa pima mbili.' Mlipobadilisha saa hakuusuka tena."

Niliugusa. Ulisukwa gizani, kwa vidole tu, na haukuwa na kosa mahali popote. Kwa mara ya kwanza niliweza kuona nilichokichukua, kimekunjwa mbele yangu.

"Alikuwa na kinyongo na mimi?" nikauliza.

"Siku nyingine alikuapiza, siku nyingine alikuombea. Sitakudanganya, Maalim."

"Basi nisamehe wewe kwa niaba yake."

Akafikiri. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, niliyemsomesha Juzuu Amma, na sikuwahi kumwona akifikiri hivyo mbele yangu.

"Langu nimekusamehe. Miguu yake nilikuwa naikanda mimi, kwa hiyo na mimi nina langu, na hilo limekwisha. La mama siwezi. La mama ni lake, mtakutana nalo huko."

"Nifanye nini?"

"Muombee," akasema. Nilianza kuinua mikono pale pale, kwa mazoea ya miaka, naye akainyoosha yake akaishusha yangu taratibu, kama inavyoshushwa mikono ya mtoto. "Si hapa. Kesho ni safari, nasikia kiti cha mama amepewa mgonjwa wa Msata. Muombee mkiwa njiani."