Tisheti za Matanga

Mama huyo alikuja kwangu asubuhi, mvua ikiwa imekatika tu. Kwao ni Walikale; hapa Masisi alikuwa akikaa kwa dada yake tangu mume wake apotee. Mume alikuwa akiuza mafuta ya mawese. Mlima uliporomoka kwenye barabara ya Hombo, ukafunika lori alilopanda. Ndugu walichimba, wakatoa begi lake na kiatu kimoja. Yeye hawakumpata. Walingoja, waliomba, mwishowe ukoo ukakubali kufanya matanga bila maiti, waombolezaji wavae tisheti zenye sura yake.

"Dada," aliniambia akinipa simu yenye picha, "kaburi hana. Ataonekana kwa tisheti tu. Umuweke muzuri."

Kazi yangu ni serigrafi: nachapa nguo kwa kusukuma wino kupitia wavu uliowambwa kwenye fremu ya mbao. Mara nyingi huchapa majina ya kwaya na ya shule, herufi nene, kwa wavu wa matundu makubwa uliopakwa emulsioni nzito. Emulsioni ni dawa inayoziba wavu ikigandishwa na jua, isipokuwa pale picha ilipofunika. Basi nikafanya kama nilivyozoea.

Tisheti ya kwanza ilinitisha mimi mwenyewe. Macho yalikuwa mashimo mawili meusi, na mdomo haukuwepo. Uso wa mtu ukichapwa ni vidoti vitupu, vidogo kama ulezi. Kwenye wavu ule mkubwa, vipande vyembamba vya emulsioni vilikosa nyuzi za kushikilia, vikaenda na maji nilipokuwa nasuuza. Na pale ilipobaki, unene wake ulishusha wino mwingi mno, vidoti vikaungana kuwa doa.

Mama aliitazama, akamtafuta baba wa watoto wake, akatikisa kichwa. "Huyu hapana papa ya batoto."

Nikatoa fremu nyingine, yenye wavu laini wa matundu madogo, nilionunua Goma na kuuogopa kwa kuwa ni mgumu kuutumia. Wavu laini hautaki koti zito. Niliupaka emulsioni mara moja kila upande, nyembamba kama utando wa maziwa, nikaukausha gizani, nikalaza picha juu yake, kisha nikauweka juani kwa muda mfupi kuliko kawaida. Nilipomwagia maji, vidoti vilifunguka kimoja kimoja. Nikavuta wino, nikainua fremu. Alikuwa pale: kope, mikunjo ya kucheka, hata kovu dogo lililokata unyusi wa kushoto. Mama alishika mdomo.

Nilikuwa naanika tisheti nje, mama amekaa kwenye kigoda mlangoni, mwendesha moto mmoja, yaani pikipiki ya abiria, aliposimama kufunga vizuri jibini alizopakia nyuma. Aliinua macho kwenye kamba. Akaacha jibini, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kitambaa, kisha akanigeukia.

"Mama, huyu muntu, munamufanyia nini?"

"Ni ya matanga," nikajibu.

"Matanga ya nani? Huyu iko muzima! Iko Kirotshe, ku hopitali. Kitanda yake iko pembeni ya kitanda ya kaka yangu."

Tisheti iliyobaki mkononi ikaanguka matopeni. Nilidhani anatania, nikataka kumfukuza, maana mwenye msiba alikuwa amekaa palepale. Lakini aliweka kidole juu ya kovu.

"Njo yeye. Dereva ya lori ingine alimuokota ku barabara, udongo mwili muzima, akamushusha kule. Kichwa ilipigwa, hasemi. Hakuna mwenye kumujua."

Ndugu wote walikuwa wamemtafuta upande wa Walikale. Nani angefikiria kwamba mtu aliyefunikwa na udongo kule yuko huku Kirotshe, kando ya ziwa?

Mama hakupiga kelele. Alishuka kutoka kwenye kigoda, akakaa chini kabisa, miguu imenyooka mbele. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Anakulaka?"

"Anakula, mama. Uji na samaki kidogo."

Hapo ndipo alipoinuka, akaenda kusimama kando ya ile pikipiki.

Tulipanda moto ya yule mtu, mimi na mama, jibini zikabaki kwangu. Njia nzima mama alikuwa amenishika kiuno mpaka kikauma, na mimi nilikuwa nikijiambia kwamba tutakuta mtu mwingine mwenye kovu.

Tulimkuta yeye. Amekonda, kichwa kimefungwa bendeji. Alimtazama mke wake muda mrefu, akaona kitambaa cheusi cha msiba alichojifunga kichwani. Midomo ikahangaika.

"Nani… alikufa?"

Muuguzi aliacha sindano hewani. Tangu afike hakuwa ametoa hata neno moja. Mama alimlalia kifuani. Mimi nilitoka nje, nikaegemea ukuta. Kutoka ndani nilimsikia mume akiuliza tena, safari hii kwa hofu, kama anayeogopa kwamba ni mtoto.

"Hakuna muntu," mama alimwambia. "Hakuna muntu alikufa."