Mla Chokaa

Mdogo wangu alikuwa akila ukuta. Ukuta ulikuwa wa mama mkubwa, dada wa mama yetu, kama nyumba nzima ilivyokuwa yake. Sisi tulikaa kwa fadhila, naye hakutuacha tukasahau. Mtoto alikuwa na miaka mitano, hasemi, hamtazami mtu machoni, na hali ila wali mweupe. Akishakula, huenda ukutani akakwangua chokaa kwa kucha na kuilamba.

Siku hizi hali hiyo ina jina, usonji. Mama mkubwa aliiita jini.

Na yeye alikuwa akila nini? Mwaka ule alikuwa na mimba, na chini ya mto wake ameweka udongo uliofungwa kitambaani, akiutafuna mbele ya wageni kama halua. Wageni wakicheka, wakisema mimba ina mambo. Mtu mzima na bangili zake anatafuna ardhi, kisha anamwita mtoto shetani kwa kulamba chokaa! Nyani haoni kundule.

Akamwambia mama kwamba mtoto apone kabla ya arobaini ya kichanga atakachozaa, wageni wasije wakaiona aibu ile, la sivyo tuhame. Mama alikuwa mjane, hana pa kwenda ila kurudi kijijini Kipungani. Akampeleka mtoto hospitali. Dresa akamvuta kope la chini, akasema damu imepungua, na wenye upungufu huo hutamani vitu kama hivyo. Akatupa chupa ya dawa yenye madini ya chuma, akatuonya kuwa choo kitakuwa cheusi.

Kikawa cheusi kweli. Mama mkubwa akachungulia, akapiga kigelegele.

"Ni jini huyo atoka! Akimaliza kutoka, mwana atanena."

Mama alijaribu kumweleza maneno ya dresa. Nani amsikilize? Majirani walikwisha kutangaziwa. Hata leo nakutana na wasomi wanaowanunulia watoto wenye usonji vidonge vya vitamini kwa tamaa ileile, kwamba watasema, nami huwaona hawana tofauti na mama mkubwa, ila yeye hakuwa na shahada.

Miezi ikapita. Midomo ya mtoto ikapata rangi, usingizi wake ukatulia, na chokaa akaiacha kabisa. Fundi akaja akauziba ukuta. Kusema, hakusema.

Mama mkubwa akajifungua. Wiki ya arobaini ya kichanga, mikeka ya wageni ikitandikwa, mama mkubwa akamsimamia mama kichwani.

"Dawa gani hii? Hata neno moya hanena! Mtukue mwanao, mwende zenu Kipungani."

"Dada, dawa ilikuwa ya damu, na damu ameipata. Ukuta wako haugusi tena."

"Mimi nataka anene!"

Alitaka anene, utadhani mtoto ni kasuku wa kuwaonyesha wageni. Mama akafunga nguo zetu, tukatoka. Hakuna aliyetusindikiza hata mlangoni.

Njiani mama alilia. Nilidhani analilia nyumba, nikamwambia kwa hasira kuwa nyumba ile haifai hata kukaliwa na popo. Akatikisa kichwa. Akasema hakulia kwa ajili ya nyumba. Kila asubuhi, akimnywesha mtoto ile dawa, alikuwa akitega sikio asikie neno, kwani dada yake alisema kwa yakini mno hata naye akaamini. Hilo ndilo nisilomsamehe mama mkubwa, na amekwisha kufa.