Kabati Linalouliza

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa fundi wa cherehani, na hakuiamini kampuni yoyote duniani. Ukimpelekea cherehani inayokata uzi, utarudi nayo imepona, na simu yako nayo imezuiwa matangazo na kuwekewa programu ya kutunza nywila, mahubiri juu. "Kumpa mtu usiyemjua picha za mwanao," alikuwa akisema, "ni kumpa fisi bucha alinde." Nilimtania kwamba hata mvua ataitaka ipige hodi kwanza.

Vya kwake alivitunza mwenyewe. Ndani ya kabati la jikoni, kati ya kopo la sukari na birika lililovunjika mdomo, kulikuwa na laptop kuukuu isiyo na kioo, pamoja na betri ya kuilinda umeme ukikatika. Humo ndimo zilimokuwa picha zote za familia, na sauti za binti yao wa pekee, aliyefariki kwa homa kabla hajaanza shule. Nakala nyingine aliweka, tena kwa fahari, kwenye diski iliyokaa kabati lilelile. Mjuzi wa watu huyo.

Kwa kuhofia wezi, akautegea mtambo mtego. Kila Ijumaa alasiri ulimuuliza kwa sauti yake mwenyewe aliyoirekodi, "Upo?" Naye hujibu, "Nipo." Ukiuliza mara tatu mfululizo bila kujibiwa, unafuta kila kitu.

Akafa ghafla kwa moyo, mguu ungali kwenye kanyagio la cherehani ya mteja. Nywila akaenda nayo.

Ijumaa iliyofuata mazishi tulikuwa sebuleni na wageni, mara jikoni sauti ya marehemu ikauliza, "Upo?" Jirani akamwaga chai. Dada yangu, bila kufikiri, akaitika kama alivyozoea kumwitikia mumewe: "Nipo." Kabati likanyamaza.

Rafiki wa marehemu, fundi wa kompyuta, alikuja akachungulia, akatikisa kichwa. Vyote vimefungwa, ukiuzima mtambo hauwaki tena bila nywila. Alitushauri tuendelee kujibu tu. Basi dada akawa hasafiri, hahami, analinda kitu asichoweza kukisikia. Nilikasirika, nikamwambia kwamba marehemu amemwoa mara ya pili.

"Nataka nimsikie mwanangu japo mara moja," akanijibu. "Nikiacha ifutike, nitakuwa nimemzika tena kwa mkono wangu."

Kisha dada akalazwa kwa upasuaji, zamu ikawa yangu. Niliketi jikoni kwenye stuli, jua linawaka dirishani, watoto wa jirani wanagombania mpira. "Upo?" Ulimi ukanata. Nilimfahamu mtu yule, nilishika jeneza lake. "Upo?" likarudia. Nikafungua kinywa, pakatoka pumzi tu.

Ndipo mlemle kabatini mtoto akajibu, kwa kicheko kidogo, "Nipo, baba."

Taa ya mtambo ikageuka kijani. Nilitoka nje, nikakaa kizingitini.

Nilimuuliza yule fundi kama shemeji angeweza kuiweka sauti ya bintiye ijibu pale yeye anapochelewa. Akasema inawezekana. Hakunitazama usoni.

Nilijiuliza sana kama nimwambie dada. Miezi yote ile alikuwa akiitika upesi kwenye swali la kwanza kwa kuogopa kumpoteza mtoto, na kumbe ndiyo maana hakuwahi kumsikia. Lakini akinyamaza kwa maneno yangu, na asijibu mtu, je? Aliporudi nyumbani nikashindwa kukaa nalo moyoni, nikamwambia. Alilia, kisha akauliza jambo moja tu, mtoto alijibu baada ya swali la ngapi.

Ijumaa tukakaa wawili mbele ya kabati. Nilikuwa tayari kupiga kelele ya "nipo" kabla ya swali la tatu.

"Upo?"

Dada akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Upo?"

Nikavuta pumzi ya kuitika.

"Nipo, baba," mtoto akasema. "Mama naye yupo, ila amenyamaza."

Dada akaondoa mikono mdomoni, akaitika.