Hondohondo wa Kwa Mjomba

Mjomba wangu, kaka pekee wa mama, aliishi kwenye kisiwa kilichoko mdomoni mwa mto Ruvuma, upande wa pili, katika msitu wenye hondohondo wengi. Kwetu upande huu ndege huyo alikuwa adimu. Sauti yake ni ya mtoto mchanga anayelilia ziwa, na wageni walikuwa wakiacha majembe yao kwenda kumtafuta huyo mtoto vichakani. Sisi wenyeji tuliwaacha watafute, tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Kila baada ya mavuno ya korosho mjomba alivuka kuja kututembelea, na mimi sikutaka hadithi nyingine kwake ila ya hondohondo. Alinisimulia ule mdomo mkubwa wenye pembe juu yake, na jinsi jike anavyoingia kwenye tundu la mti, akajizibia mlango kwa udongo mpaka ukabaki ufa mwembamba tu. Humo anataga na kulea, na dume ndiye anayemlisha.

“Na dume asiporudi?” nilimuuliza siku moja.

“Anarudi,” alinikatiza. Niliona wazi kwamba swali halikumpendeza.

Mwaka niliovunja ungo, vita vya ng’ambo vilikuwa vimepamba moto. Tulisikia mivumo ya ndege za chuma upande ule, na msimu wa korosho uliopita mjomba hakuonekana. Nikaingizwa ndani kama ilivyo desturi. Kwetu mwali hajitoi, wala baba hamtoi. Anayemtoa ni mjomba: humshika mkono, akamvusha kizingiti, ndipo ngoma zinapoanza. Mama aliniambia nivumilie kidogo, kaka yake yuko njiani.

Sikuzaliwa na uvumilivu. Nilinuna, nikagombana na kila sufuria iliyoletwa mbele yangu. Somo yangu, mama mmoja wa jirani aliyekabidhiwa kunifunda, alinitania kwamba mume wangu atafute mapema pamba za kuziba masikio. Lakini hata yeye alianza kuchoka. Siku moja nilimsikia uani akimwambia mama taratibu:

“Dada, wajomba wa ukoo wapo. Mwite mmoja amshike mkono, mtoto aone jua.”

Mama hakuwa na herufi ya r kinywani mwake, kama watu wengi wa kwao ng’ambo. Alimjibu, “Nikimtoa kwa mkono wa mtu mwingine, nimemzika kaka yangu. Kaka ataludi.”

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikiwa ndani, mjomba yu hai. Nikitoka, amekufa. Nilikasirika, kisha nikaogopa, maana na mimi nilimpenda.

Mwanzo wa mvua, jozi ya hondohondo ikaja kwenye mkuyu nyuma ya nyumba yetu. Karibu hivyo na nyumba hawakuwahi kuja hata siku moja. Ukuta wa chumba changu ulikuwa umebanduka udongo sehemu moja, nikapata tundu la kuchungulia. Nikamwona jike akiingia mtini, dume akimletea udongo tonge kwa tonge, na mlango ukazibwa vilevile alivyosimulia mjomba. Mama aliposikia ile sauti alikuja mbio chumbani, akaweka jicho lake kwenye tundu langu, akakaa hapo muda mrefu.

“Hawa wametoka kwa kaka,” alisema.

Tangu siku hiyo tuliwatazama pamoja. Dume alikuwa akitua, anatikisa shingo, anatapika makuyu moja moja na kuyapitisha kwenye ufa. Akichelewa, mama hakuweza kutwanga wala kupika. Nilimwonea wivu yule jike. Wake alikuwa anakuja.

Asubuhi moja tukakuta udongo umevunjwa. Jike alikuwa tawini, mkia umechakaa, na kinda lake pembeni. Amejitoa mwenyewe! Nililia kwa hasira, nikasema na mimi nabomoa ukuta. Mama hakunikemea. Alisema, “Wanaludi kisiwani. Watamwambia unamngoja.” Walipoondoka nilikaa siku nyingi nikitega sikio, na kile kimya kiliniuma kuliko kufungiwa kwenyewe.

Kisha ikaja amri kwamba watu wote wahamie kijiji kipya, mbali na mto. Lori lilikuwa limesimama njiani, linanguruma, na dereva hakutaka kusikia habari za mwali. Mama aliingia chumbani, akanitwika fungu la mikeka kichwani, akanifunika kanga uso mzima.

“Hutolewi,” aliniambia. “Unahama tu.”

Nikavuka kizingiti bila mkono wa mtu, bila ngoma.

Nilipochumbiwa, somo aliuliza tena habari ya kutolewa. Mama akasema ndoa ni ya msikitini, kutolewa ni kwa kaka yake, mambo mawili tofauti. Nikaolewa. Ng’ambo amani ikaja, watu wakavuka kwenda na kurudi, na kila aliyetoka kule mama alimuuliza habari za kaka yake. Wengine hata kisiwa chenyewe hawakukijua.

Miaka ikapita, binti yangu naye akawa mwali. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye mjomba wake, alikuja mapema amevaa kanzu mpya. Akamshika mkono, akamvusha, vigelegele vikapanda. Desturi yetu ni kwamba wanawake wote waliokwisha kutolewa huingia uwanjani kumpokea mwali kwa ngoma. Nikainuka na wenzangu, moyo umejaa, nikimtazama binti yangu akikunja uso kwa jua.

Mama alikuwa mzee sana, haoni vizuri. Akanishika kanga kwa nyuma.

“Wewe kaa,” alisema. “Wako hajafika.”

Nikakaa.