Masharubu ya Marehemu Melchor

Jirani yangu Aling Saturnina ana maadui wawili hapa Laguna, Ufilipino: kitabu na sinema. Vyote vinamhusu baba yake, Melchor, mfuga bata aliyeuawa na Wajapani darajani, binti akiwa na miaka saba.

Kitabu alikiandika mwalimu mstaafu, akampa marehemu mstari mmoja: "Jumanne hiyo aliuawa pia mfuga bata." Jina hakuna, na siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Sinema nayo ikampa farasi, bastola mbili, masharubu mazito, na hotuba ndefu kuliko ya padri huku risasi kumi na moja zimo kifuani. Kila sikukuu ya mtakatifu wetu huonyeshwa uwanjani, na kila mwaka Aling Saturnina hutuharibia raha.

"Baba alikuwa na kigugumizi. Hotuba hiyo angeimaliza Krismasi. Na masharubu kayatoa wapi? Uso wake ulikuwa laini kama yai."

"Mama, kaa chini, wenzio tunataka kulia," watu humjibu.

Mwaka huu meya akaagiza sanamu. Picha za marehemu ziliungua vitani pamoja na nyumba, basi mchongaji, Crisanto, akaja na udongo wake kwa mtu pekee aliyebaki anayemkumbuka. Aling Saturnina alivaa gauni la kanisani, akaniita nikae naye.

"Haya Bibi, nipe sura."

"Paji pana. Nyusi zimekutana. Masharubu mazito..."

"Masharubu?" nikadakia. Mdomo wangu hauna breki.

Akafumba macho, akafumbua, akafumba tena. Nilitamani kuumeza ulimi wangu.

"Ni yule mjinga wa sinema," akasema. "Kila nikimtafuta baba, anakuja yeye."

Akalia, nami nikalia. Tulikifungua hata kitabu. Jumanne, bata, basi.

Crisanto akaanza kufunga udongo wake. Aling Saturnina akamkamata mkono.

"Keti. Kila asubuhi nilikuwa namfuata nyuma kwenye matuta ya mpunga. Bega la kushoto limeshuka kwa mti wa mzegazega. Shingo ina mikunjo mitatu. Visigino vimepasuka, cha kulia zaidi. Chonga hivyo."

Meya alinuna wiki nzima. Wageni huizunguka sanamu ile pale darajani wapige picha kwa mbele, wakakuta uso mtupu, wakanung'unika. Aling Saturnina haendi mbele. Husimama nyuma yake, hatua mbili tu, pale pa mtoto wa miaka saba.